"Sheria haikataze!": mianya na mizani katika michezo yetu ya mezani

Mtu amekaa mbele ya ubao wa dames, Kabongo ao Kamina, haidhuru. Amebaki na vifuniko vinne vya chupa, mwenzake ana saba. Ghafula anacheza namna ambayo hakuna aliyeitazamia. Waliosimama pembeni wanapiga kelele. Mwenzake anakataa: "Ile haiko mchezo!" Yeye anajibu bila kuinua kichwa: "Sheria haikataze. Unionyeshe fasi baliandika."

Kuanzia hapo mchezo umesimama, maneno ndiyo yameanza. Kama kulikuwa faranga juu ya meza, maneno hayo yanaweza kufika mbali. Kuna marafiki walioachana kwa sababu ya kifuniko kimoja.

Shida ni kwamba mara nyingi wote wawili wana haki yao. Aliyecheza hakuiba: hakusogeza kifuniko wakati mwenzake anaangalia pembeni. Na anayekataa hadanganyi: anahisi kweli kwamba mchezo umeharibika. Kilichotokea ni kwamba mmoja amekuta tundu katikati ya sheria, akapita humo. Tundu hilo ndilo tunaita mwanya wa sheria.

Makala hii inaeleza mianya inatoka wapi, namna gani inatofautiana na shida nyingine ya mizani, na nani anapaswa kuamua wakati sheria imenyamaza. Tutaanza na michezo tunayoijua. Kisha tutaenda mbali kidogo, Marekani, kwenye mchezo wa masimulizi ambao wachezaji wake wametafuta mianya kwa miaka 50 sasa. Waliouandika wamejifunza mambo ambayo yanaweza kutusaidia hata hapa kwetu, kwenye ubao wa dames na hata ndani ya likelemba.

Wizi, ujanja na akili

Mbele ya yote, tutenganishe vitu vitatu ambavyo watu wanavichanganya.

Wizi ni kuvunja sheria inayojulikana: kuficha karata chini ya mguu, kucheza mara mbili. Hapo hakuna la kujadili. Akili ni kutumia sheria vizuri kuliko mwenzako: unamtolea kifuniko kimoja ale, kumbe umemwekea mtego, nawe unakula vitatu. Huyo anastahili sifa, hata kama mwenzake amekasirika.

Mwanya uko katikati. Hapo mtu anafuata maneno ya sheria, lakini anaenda kinyume na sababu iliyofanya sheria ile iwekwe. Ndiyo maana ni vigumu kumkamata. Ukimuuliza kuhusu maneno, anashinda yeye. Ukimuuliza sheria iliwekwa juu ya nini, anaanza kukuna kichwa. Swali hilo, "sheria hii iliwekwa juu ya nini?", ndilo tutalirudia katika kila mfano unaofuata.

Kupuliza: adhabu inapogeuka bei

Tuchukue dames. Pahali pengi watu bado wanacheza na desturi ya zamani ambayo Wafaransa waliiita souffler, yaani kupuliza. Ukiwa na nafasi ya kula kifuniko cha mwenzako na hukula, mwenzako anakitoa kile kifuniko chako kilichopaswa kula. Anakipuliza, kisha anacheza zamu yake kama kawaida.

Sheria hiyo iliwekwa juu ya nini? Ili kila mtu alazimike kula. Bila ulazima huo, mitego yote ya dames inakufa. Hakuna atakayeingia kwenye mtego kama anaweza kukataa.

Sasa angalia mwanya. Mwenzako amekuwekea mtego: ukila kimoja, yeye atakula vitatu. Wewe unafanya hesabu. Ukikataa kula, utapulizwa kifuniko kimoja. Ukikubali kula, utapoteza vitatu. Basi unakataa kwa makusudi, unatoa kimoja, unaponyesha viwili. Pahali ambapo adhabu ni hiyo tu, hujavunja kitu. Umelipa. Adhabu imegeuka bei, na wewe umenunua ruhusa ya kutokula.

Sheria rasmi za dames za kimataifa, zile za ubao wa viwanja 100 na vifuniko 20 kila upande, zimeufunga mwanya huo kwa njia fupi. Hazikuongeza adhabu. Zimeondoa kupuliza kabisa. Kula ni lazima, na kama kuna njia mbili za kula, unachukua ile inayokula vifuniko vingi zaidi. Ukicheza kingine, mwenzako ana haki ya kukuambia urudishe na ucheze sawa.

Tunaona hapa kwamba mwanya haufungwi lazima kwa kuandika maneno mengi. Hapa umefungwa kwa kufuta sheria moja. Tunaona tena chanzo kikubwa cha ugomvi: watu wawili wanakaa kwenye ubao mmoja na sheria mbili. Kabongo iko kwenye njia ya treni, kati ya Kamina na Kabalo. Anayeshuka na mzigo wake anashuka pia na sheria za kwao. Mmoja anasema "siye tunapuliza", mwingine anasema "siye hatupulize", na kila mmoja anaamini mwenzake ni mwizi.

Mbegu zisizosimama

Kisolo cha Waluba na Wasonge kina ndugu wengi katika Afrika. Kule pwani ya Tanzania, Kenya na Zanzibar wanaita bao. Kazi ni ileile: mashimo kwa mistari minne, unachota mbegu za shimo moja, unazipanda moja moja. Michezo ya namna hii ni ya zamani sana katika inchi yetu. Sanamu ya Shyaam, mfalme wa Wakuba wa karne ya 17, ambayo iko katika British Museum kule London, inamwonyesha amekaa na ubao wa mchezo huo mbele yake.

Katika bao, mbegu yako ya mwisho ikiangukia kwenye shimo lenye mbegu, mara nyingi unazichota zote na kuendelea kupanda. Kwa kawaida unasimama pale mbegu ya mwisho inapoangukia shimo tupu. Sheria iko wazi, mtoto anaielewa.

Lakini je, kama mbegu ya mwisho haiangukii shimo tupu hata mara moja? Mchezaji anapanda, anachota, anapanda, anachota, anazunguka, na mbegu zinarudi kwenye mpango uleule wa mwanzo. Sheria inasema aendelee. Mwenzake atangojea mpaka lini?

Hii si hadithi ya kuchekesha. Mwaka 2006, watafiti Tom Kronenburg, Jeroen Donkers na Alex de Voogt walichapisha uchunguzi juu ya jambo hili katika bao, wakaonyesha kwamba kweli kuna mipango ya mbegu inayoleta mwendo usio na mwisho. Aliyetunga sheria ile hakukosea. Ilikuwa vigumu tu kuona kwamba katika mipango mingi namna ile, kuna mmoja utakaogeuka kuwa duara.

Dames ina ndugu wa shida hiyo. Mtu amebaki na dame moja tu, lakini ameiweka kwenye mstari mkubwa unaokata ubao kutoka pembe hadi pembe. Wewe una dame tatu. Kama anajua kucheza, hutamkamata. Anakwenda, anarudi, anakwenda, anarudi, mpaka jua linazama. Sheria za kimataifa zinasema: dame tatu kwa moja, kila mtu ana michezo 16. Ikiisha bila mshindi, ni sare, mwende nyumbani.

Mwanya wa namna hii ni mwanya wa kimya. Sheria haikusema uongo, imenyamaza tu mbele ya jambo ambalo haikulifikiria. Dawa yake ni hesabu ya mwisho: mizunguko mingapi, dakika ngapi, kisha inakuwa sare.

Mchezo usio na ubao

Sasa tuwaze mchezo usio na vifuniko wala mashimo. Watu wanne ao watano wamekaa mezani. Mmoja ni msimamizi: yeye ndiye anasimulia. Wengine kila mmoja ni mtu ndani ya hadithi. Wewe ni mwindaji, mwenzako ni mganga, wa tatu ni mvuvi wa ziwa Kisale. Msimamizi anasema: "Mnavuka Lualaba usiku, mtumbwi unaanza kuingiza maji. Munafanya nini?" Mvuvi anajibu: "Ninaziba tundu kwa nguo yangu." Kujua kama amefaulu, anatupa dadu, namba inasema. Hadithi inaendelea, na kila mtu kwenye karatasi yake ameandika nguvu zake, vitu vyake na majeraha yake.

Mchezo wa namna hiyo uliouzwa wa kwanza duniani unaitwa Dungeons & Dragons. Gary Gygax na Dave Arneson waliutoa Marekani mwaka 1974, vitabu vitatu vidogo ndani ya kisanduku. Ulijaa mashujaa, wachawi, majoka na mapango. Unatumia dadu za namna nyingi, na ile inayojulikana zaidi ina pande 20. Leo unachezwa katika inchi nyingi, na vitabu vyake vimeandikwa upya mara kadhaa.

Kwa nini mchezo huu unatuhusu? Kwa sababu katika dames mtu anaweza tu kusogeza kifuniko. Katika mchezo wa masimulizi mtu anaweza kujaribu kitu chochote: kununua, kuuza, kupanda ukuta, kumdanganya mlinzi, kuchoma nyumba. Hakuna kitabu kinachoweza kuandika sheria ya kila kitu. Kwa hiyo mianya ni mingi kuliko mchezo wowote, na inaonekana wazi kuliko pahali pengine.

Panya, ngazi, na wanakijiji 2,000

Tuchukue mitatu inayojulikana sana.

Wa kwanza ni gunia la panya. Toleo la tatu la mchezo huo lilitoka mwaka 2000. Ndani yake mpiganaji hodari anaweza kupata uwezo huu: akimwangusha adui mmoja, anapewa pigo moja la bure kwa adui mwingine aliye karibu. Sheria nzuri, inamfanya shujaa apite katikati ya maadui kama moto. Uwezo mwingine unamruhusu kumpiga kila aliyemzunguka kwa mara moja. Nao ni mzuri. Lakini wachezaji wajanja waliunganisha hizo mbili: shujaa anabeba gunia la panya. Akikutana na jitu kubwa, anamwaga panya chini, anawapiga wote, wanakufa, na kila panya aliyekufa anampa pigo la bure juu ya jitu. Kila sheria peke yake haina kosa. Zikikaa pamoja, panya wa shimoni wamekuwa silaha kuliko upanga.

Waandishi walijibu. Katika kitabu cha wasimamizi cha toleo la nne, mwaka 2008, waliandika kwamba uwezo wa namna hiyo unafanya kazi tu juu ya kiumbe ambacho ni hatari ya kweli, na walitaja waziwazi kwamba gunia la panya halitamfaidia mtu. Angalia vizuri: hawakuandika sheria juu ya panya peke yao, maana kesho mtu angeleta kuku. Waliandika sababu ya sheria.

Wa pili utawachekesha wamama wa soko. Katika orodha ya bei ya toleo lile la tatu, ngazi ya urefu wa futi 10, yaani mita 3 hivi, ilikuwa inauzwa sarafu 5 za shaba. Mti mrefu mmoja wa urefu uleule ulikuwa unauzwa sarafu 2 za fedha, ambazo ni sawa na 20 za shaba. Ngazi ina miti miwili mirefu. Basi unanunua ngazi kwa 5, unaivunja, unapata miti miwili ya 40. Hata ukiuza kwa nusu ya bei, kama desturi ya mchezo, unapata 20. Umeweka 5, umetoa 20, bila kutoka jasho. Rudia mara elfu, umekuwa tajiri bila kuua joka hata moja.

Mama yeyote anayeuza makala ao mihogo hapa Kabongo anajua kosa liko wapi. Ukileta miti elfu mbili sokoni siku moja, nani atanunua? Bei itaanguka. Na muuza ngazi, akiona wewe peke yako unamaliza ngazi zote, atapandisha. Kitabu kiliandika bei, hakikuandika soko.

Wa tatu ndio unaojulikana kuliko yote. Katika vita vya mchezo huu, mzunguko mmoja unahesabiwa kuwa sekunde 6, na kila mtu anafanya jambo lake ndani ya sekunde hizo. Sheria inaruhusu mtu kujiweka tayari: "mwenzangu akinipa kitu, ninampa anayefuata." Basi mchezaji anakodi wanakijiji 2,000, anawapanga mstari mmoja, kila mmoja mbali na mwenzake mita moja na nusu. Wa kwanza anatoa mti, wa pili anapokea na kutoa, mpaka wa mwisho. Mti umetembea kilomita 3 kwa sekunde 6. Hiyo ni mita 500 kwa sekunde, mbio kuliko sauti. Sasa mchezaji anatangaza kwamba wa mwisho akiuachilia, mti utatoka kama risasi na kubomoa ukuta wa ngome.

Mwanya uko wapi? Kwenye kuhama dunia. Wakati wa kupitisha mti, mchezaji anashika kitabu: "sheria inaruhusu." Wakati wa kuuachilia, anaacha kitabu na kushika masomo ya fizikia ya sekondari: "kitu chenye mbio kina nguvu." Angeshika kitabu mpaka mwisho, wa mwisho angekuwa tu mkulima anayerusha mti, pigo dogo sana. Angeshika fizikia tangu mwanzo, mikono ya watu 2,000 isingeweza kupitisha mti kwa sekunde 6. Amechukua nusu tamu ya kila upande.

Kitabu cha wasimamizi cha mwaka 2024 kimejibu mambo haya kwa maneno mapya: sheria za mchezo si fizikia, na mchezo si uchumi wa kweli. Kinasema pia kwamba sheria zinategemea watu wanaozisoma kwa nia njema. Baada ya miaka 50 ya kuziba matundu moja moja, waandishi wamefika hapo: kuna tundu ambalo huwezi kuziba kwa karatasi.

Mizani ni jambo lingine

Mpaka sasa tumezungumza juu ya mianya. Lakini kuna mchezo ambao hauna mwanya wowote, kila sheria iko wazi, na bado watu wanauacha. Sababu ni mizani: upande mmoja ni mzito kuliko mwingine tangu mwanzo.

Katika toleo lile la mwaka 2000, mpiganaji na mchawi walianza safari pamoja. Mwanzoni mchawi ni dhaifu, pigo moja la upanga linaweza kummaliza, na ana maneno machache ya uchawi kwa siku. Mpiganaji ndiye anamlinda. Lakini kila wakipanda ngazi ya uwezo, mpiganaji anaongezewa nguvu kidogo, na mchawi anaongezewa uchawi mwingi zaidi na mkubwa zaidi. Mwishoni mchawi anaruka angani, anapotea machoni, anasimamisha hata wakati. Mpiganaji bado anapiga kwa upanga. Aliyechagua kuwa mpiganaji hakukosea kitu, lakini jioni nzima amekaa anamwangalia rafiki yake anacheza.

Mwaka 2008 waandishi walijaribu kurekebisha. Waliwapa watu wote uwezo uliopangwa kwa namna moja: wa kutumia wakati wote, wa mara moja kwa kila pambano, wa mara moja kwa siku. Mizani ikakaa vizuri zaidi. Lakini wachezaji wengi walilalamika: sasa mpiganaji na mchawi wanafanana. Toleo la 2014 likarudisha sehemu ya tofauti za zamani.

Kwa hiyo usawa si kufanana. Watu wanapenda kuwa tofauti. Wanachotaka ni kwamba kila mmoja, katika jioni ile, apate zamu ambapo yeye ndiye anahitajika. Kwenye mtumbwi wa Lualaba, mvuvi awe mkubwa. Kwenye pori, mwindaji. Mgonjwa akianguka, mganga.

Kwa michezo ya watu wawili, kuna dawa mbili za zamani. Moja ni kupunguza mwenye nguvu: anayejua sana anaanza na vifuniko viwili pungufu. Ya pili ni ile ambayo wazazi wanaitumia kugawa mkate kwa watoto wawili: mmoja anakata, mwingine anachagua. Kama kuna ubishi nani aanze ao upande gani ni mzuri, mmoja apange mchezo, mwenzake achague upande. Aliyepanga atapanga sawasawa, juu anajua kibaya kinaweza kubaki kwake.

Nani anaamua?

Tumefika kwenye jambo kubwa. Mwanya utatokea tu, hata kwa watu wazuri. Siku hiyo, neno la nani linapita?

Katika mchezo wa masimulizi jibu ni msimamizi. Ana mamlaka makubwa, lakini angalia kitu kimoja: yeye hana nafasi ya kushinda. Hakuna faranga yake mezani, hakuna shujaa wake ndani ya hadithi. Kazi yake ni mchezo wenyewe uendelee na watu watake kurudi kesho. Hapo ndipo neno lake linapata nguvu.

Sisi watu wa inchi ya Waluba hatuhitaji kwenda Marekani kujifunza kinyume chake. Wazee wanasimulia namna Kalala Ilunga alivyokua akampita mjomba wake, mfalme Nkongolo, kwa nguvu na kwa michezo. Nkongolo hakukubali. Aliandaa ngoma, akachimba shimo, akasimamisha mikuki ndani, akafunika kwa mkeka, kisha akamwalika mpwa wake acheze. Mpiga ngoma alijua, akamwonya kwa sauti ya ngoma. Kalala Ilunga akauchoma mkeka kwa mkuki, akaona shimo, akakimbia kuvuka Lualaba kwenda kwa baba yake, Mbidi Kiluwe. Aliporudi, alirudi na jeshi.

Ukiisoma hadithi hiyo kama mchezaji, utaona Nkongolo alikuwa vitu viwili kwa wakati mmoja: mshindani na mwenye uwanja. Ndiye alitengeneza pahali pa kucheza, na ndiye aliogopa kushindwa. Pahali penye hali hiyo, sheria haina mtu wa kuilinda, anabaki tu mpiga ngoma mwenye moyo.

Likelemba inaonyesha jambo hilohilo bila ubao. Tuseme watu kumi, kila mmoja anatoa faranga 10,000 kwa juma. Wa kwanza anachukua 100,000 juma la kwanza. Wa kumi anangoja majuma kumi. Hakuna mwanya hapo bado, lakini mizani imeinama: wa kwanza amekopeshwa na wote, wa mwisho amekopesha wote. Mwanya unakuja pale sheria inaposema "kila mtu anatoa kila juma" na kunyamaza juu ya mtu aliyechukua mbele kisha akahamia Lubumbashi. Na kama anayepanga orodha ndiye anajiweka wa kwanza kila mara, tumerudi kwenye mkeka wa Nkongolo. Vikundi vinavyodumu vinageuza orodha kila mzunguko, vinapiga kura mbele ya wote, ao vinamweka mwenye daftari awe wa mwisho kuchukua.

Mambo ya kupatana mbele ya kuanza

Kwa vijana wa kartye, wa parokia ao wa shule wanaotaka kucheza bila kugombana, iwe dames, kisolo, karata ao mchezo wa masimulizi, haya matano yanatosha:

1. Semeni sheria kwa sauti mbele ya kuanza, zaidi zile zinazotofautiana: tunapuliza ao hatupulize? Dame inatembea mbali ao hatua moja? Mgeni aulizwe kwao wanacheza namna gani.

2. Wekeni mwisho: michezo mingapi bila kula ndiyo sare, mizunguko mingapi ya mbegu ndiyo basi.

3. Chagueni mwamuzi asiyecheza na asiye na faranga mezani. Akikosekana, aliye mzee kati ya watazamaji ambaye pande zote mbili zinamkubali.

4. Mwanya ukitokea katikati, ulizeni sheria iliwekwa juu ya nini. Mwamuzi anaamua mara moja, mchezo unaendelea. Aliyeugundua asitukanwe wala asiitwe mwizi: amewaonyesha tundu.

5. Sheria mpya inaanza mchezo unaofuata, haigeuzi ule ulioisha. Na iandikwe kwenye daftari, ili juma lijalo msianze tena.

Kwa mchezo wa masimulizi huhitaji kununua kitabu kutoka ngambo. Msimamizi mmoja, karatasi, kalamu, na dadu ya ludo. Ukitaka namba mpaka 20, kata vikaratasi 20, viandike namba, vitie ndani ya kofia, uchote. Na mchezaji wa kwanza atakayesema "ninakodi wanakijiji 2,000 wapange mstari", msimamizi amjibu kwa utulivu: "Sawa, yaya. Wamekuja. Wanauliza nani atawapa chakula mchana."